Sifuri ya Vitalia

Kwa Ndugu Sixbert,
Mratibu wa Semina za Upimaji wa Lugha ya Kigeni.

Ndugu Mratibu,

Marahaba. Shikamoo yako haijanifikia tangu upate ofisi, lakini naamini ipo njiani, imekwama stendi ya Kitai inasubiri basi.

Nakuandikia kutoka kitandani. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, na mwalimu anajua maana ya mtu kuacha kupewa kazi ya nyumbani. Kwa hiyo nitaungama na kulalamika kwa pamoja, maana pumzi imebaki moja.

Nimesomewa kijitabu chako cha kanuni na mbinu za upimaji. Ni kizuri, karatasi yake nzito. Ukurasa wa tisa unasema kwamba asiyefaulu mazungumzo ya Kiingereza asiwafundishe wengine. Kwa kanuni hiyo umemzuia Vitalia kuwafundisha watoto wa Kingerikiti, kazi anayoifanya kwa kujitolea kila Jumamosi, kwa kuwa daftari la shule linaonyesha alipata sifuri darasa la saba. Sifuri hiyo niliiandika mimi. Mia kwa mia yako, ya darasa hilohilo, niliiandika mimi pia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijitabu hakitaji mvua. Siku ya mtihani ule ilinyesha ile mvua yetu ya Machi, juu ya bati lisilo na dari. Niliinua picha mbele ya darasa, kila mmoja akasimama kuieleza. Naungama: niliyemsikia nilimpa alama, nisiyemsikia nikamnyima. Wewe ulilishinda bati.

2. Picha ilikuwa ya stesheni ya treni. Hakuna kati yenu aliyewahi kuona treni, lakini wenye mapafu mlijibu kana kwamba mmezaliwa stesheni: abiria wawili, mzigo mmoja, saa ukutani. Wewe ulimalizia kwa kutamka, "Alama nne." Nikasema huyu anajiamini, atakuwa kiongozi. Hapo sikukosea.

3. Kama sauti ndiyo ujuzi, kijitabu chako kimewadhulumu wapiga debe wa Kitai na akina mama wanaouza dagaa wa usipa kule ziwani. Hawajaitwa kwenye semina hata moja, hata kama wawezeshaji.

4. Juzi Padri Ignatio alinipaka mafuta ya wagonjwa kwa kunong'ona. Nilisikia nusu. Kwa kipimo chetu sakramenti hiyo imefeli, nami nitafika mbinguni bila cheti. Naomba ufafanuzi wa maandishi, upesi kuliko desturi ya ofisi yako.

5. Vitalia alisimama, akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikajisemea, sauti ndogo. Nikaweka sifuri. Leo watoto wake wakija kunijulia hali wananiuliza kwa Kiingereza safi nimelalaje, kisha wanangoja jibu. Kungoja jibu sijakuona ukifundisha.

Kwa hiyo, kwa ushahidi wangu na kabla sijafa, naomba sifuri hiyo ifutwe na Vitalia arudi darasani Jumamosi hii. Na kwa kuwa mvua ilitunyeshea sote, mia yako nayo ifutwe. Urudie mtihani mbele ya watoto wa Kingerikiti. Mvua ikikosekana, tutapanga watu wa kurusha mchanga batini.

Msalimie mkeo Edina, walimu wote wa semina, na yule karani anayesoma barua zako kabla yako.

Nikiwa bado na nguvu ya kutia sahihi,
Mwalimu wako,
Thadei Kapinga

Nyongeza: Iliyo yangu ni sahihi tu; anayeniandikia ni Vitalia mwenyewe. Amevumilia hadi mwisho, ndipo akaweka kalamu chini akacheka.

"Mwalimu, mvua unaionea. Karatasi uliishika kinyume. Picha uliitazama wewe, sisi tukaona mgongo wake, penye majibu."

Nikamwuliza mbona alinyamaza.

"Ningekuumbua mbele ya darasa zima, Mwalimu? Na kuyasoma majibu, si ningekuwa nimeiba?"

Basi, malalamiko yangu yote nayaondoa. Mia yako ni halali, Sixbert: ulisoma vizuri sana, hata ile "Alama nne" ya msahihishaji. Sifuri ya Vitalia nayo ibaki, maana ndiyo alama pekee ya kweli kwenye daftari lile. Aliyeanguka mtihani ni mimi. Jumamosi darasa lipo, jibu lako liwepo lisiwepo. Mimi nitabebwa hadi dawati la mbele, na la pili nimekuwekea. Vitalia anasema tutaanza na namna ya kushika karatasi.