Bati Jeupe la Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Februari 2024

Leo nimepata wazo! Tena wazo la kumrudisha mke wangu.

Niandike ukweli wote, maana hapa hakuna anayesoma. Felista aliondoka kabla ya Krismasi. Sababu ni ng'ombe wetu wa maziwa. Nilimuuza, nikanunua hisa kwenye duara la dhahabu, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na duara likatoa maji. Maji matupu! Felista akafungasha begi, akaenda kwa mama yake huku Kemambo, sasa anauza soda pale. Sikumlaumu. Nililaumu duara.

Mama mkwe wangu, Mama Waisiko, ana jengo la vinywaji kwenye njia ya machimboni. Mbele friji nne, katikati stoo, nyuma chumba chake cha kulala. Juu ni bati tupu, hakuna silingi. Mchana humo ndani ni tanuri. Friji zinanguruma bila kupumzika, umeme wa LUKU unakwisha kabla hujageuka, na soda bado vuguvugu! Wachimbaji wanatoka shimoni na kiu zao, wanashika chupa, wanaguna, wanahamia kwa jirani. Felista anasema mambo yakiendelea hivi mama atafunga biashara.

Sasa wazo lenyewe. Mwaka jana nilikuwa mlinzi kwenye loji moja karibu na geti la Ikoma la kuingilia Serengeti, hadi waliponikuta nimelala. Paa la jiko lao lilipakwa rangi nyeupe maalumu, inayolirudisha jua lilikotoka. Mpishi aliniapia kwamba tangu ipakwe, friji zinanguruma kidogo kisha zinanyamaza, na bili imeshuka. Na fundi wa rangi nilimwona kwa macho yangu! Alieleza mengi: kuosha bati, kukwangua kutu, kubadilisha mabati yaliyooza, kupaka mkono wa kwanza na wa pili. Mimi nilishika lile kubwa. Nyeupe.

Nimemtuma Felista amweleze mama yake. Mimi siwezi. Kwetu Wakurya mkwe hasimami uso kwa uso na mama mkwe, na chumba chake hata mlango wake hautazami. Nikimwona njiani huwa naruka mtaro, naingia shamba la watu.

Jumatano, 7 Februari

Amekubali! Felista amepiga simu. Mama amesema Mokami, ndiye mimi, amalize jambo moja tu katika maisha yake, alimalize sawasawa, na yeye mwenyewe atamfungia binti yake begi arudi nyumbani. Felista alisema hayo kwa sauti ya chini. Nadhani alitaka iwe kweli. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Nimempiga bao Batholomeo! Huyu ni jamaa wa Bukoba aliyefuata dhahabu, akaishia kuuza feni. Viatu vinang'aa hata kwenye tope. Alikuwa anamshawishi mama mkwe aweke silingi na feni nne. Kila siku yuko pale kaunta, anakunywa soda moja kwa saa nzima, anamwita Felista dada kwa sauti isiyo ya kaka.

Mama mkwe alimpa Felista aniletee hela ya ndoo sita za rangi ile ya jua. Nikaenda Tarime mjini, duka la vifaa vya ujenzi. Nikanunua mbili.

Nieleze. Pale stendi nilikutana na mtu ninayemfahamu. Akaninong'oneza kwamba duara lililopakana na langu la zamani limeanza kuonyesha. Hisa zilikuwa zinakwisha! Ningefanyaje? Ndoo nne zimegeuka hisa. Dhahabu ikitoka nitanunua ndoo kumi.

Nilijisikia vibaya kuanzia Tarime hadi Nyamwaga. Baada ya hapo nikasinzia.

Ijumaa, 9 Februari

Ndoo mbili haziwezi kutosha paa lile. Nimekoroga chokaa mifuko mitatu. Lakini chokaa peke yake ilipukutika, inahitaji kitu cha kunata. Nikapika uji mzito wa muhogo, sufuria kubwa, nikamimina, nikakoroga na rangi. Ukatoka mchanganyiko mzuri ajabu! Mweupe, mzito, unanukia kama kifungua kinywa.

Mama mkwe alikwenda mnadani asubuhi, ndipo nikapanda. Nimepanga niwe juu wakati yeye hayupo tu. Kusimama juu ya kitanda cha mama mkwe, hata bati likiwa katikati, si jambo la kujivunia. Upande ule wa nyuma nilipaka nimefumba jicho moja.

Kutu ilikuwepo, sikatai. Upande wa chumba chake ilikuwa nyingi, mahali pengine bati linabonyea kama mkate. Nikapaka juu yake mara mbili. Ikapotea kabisa! Sijui yule fundi wa Ikoma alikuwa anasumbukia nini.

Saa tisa alasiri Felista alitoka nje akasema friji ya kwanza imenyamaza. Tukasikiliza wote. Kimya! Wachimbaji wakapata soda za baridi, wakapiga miluzi. Bati linawaka, hulitazami bila kukunja uso. Batholomeo alisimama barabarani na mkono juu ya macho.

Jioni mama mkwe akanitumia chakula: ugali wa mtama na kuku, na firigisi juu kabisa! Firigisi, mimi! Kila nikitafuna naona zile ndoo nne. Nimeimaliza lakini.

Jumapili, 11 Februari

Ndege.

Sijui niandikeje. Ijumaa usiku umande ulishuka, uji ukalainika. Jana asubuhi kunguru watatu. Mchana kunguru wote wa Kemambo. Leo wamekuja wale korongo wakubwa wa machinjioni, wenye upara, wanatembea juu ya bati kama wazee wa kikao. Ko, ko, ko! Wanadonoa. Wanakula paa!

Wanaacha na vinyesi pia. Palipodonolewa kutu imetokeza, palipobaki pamechafuka, na friji zimeanza tena kunguruma. Wachimbaji wanakunywa soda wamesimama nje, wanacheka hadi wanapaliwa. Mmoja aliuliza kama paa lina mboga yake.

Felista amekuja kusema mama hajalala mchana siku mbili, maana korongo wanatembea juu ya kichwa chake. Akaniuliza kwa upole kwenye rangi kuna nini. Nikamwambia ni rangi ya Ikoma, na ndege wa Ikoma wanaifahamu ndiyo maana wameifuata. Akasema haya, akarudi kaunta. Natamani angenitukana.

Jumanne, 13 Februari

Batholomeo ameleta feni moja ya majaribio, bure, ameiwasha kaunta. Inapepea nywele za Felista. Mjinga yule!

Nimejaribu manati. Nimepiga friza ya jirani.

Kesho ni Jumatano ya Majivu. Mama mkwe hakosi ibada hata akiwa na homa. Nitapanda wakati yupo kanisani, nikwangue sehemu yote yenye uji, nipake chokaa kavu, nishuke. Nani atajua? Kisha nimalize jambo langu sawasawa kama alivyosema.

Jumatano, 14 Februari

Ee Mungu wangu.

Nitaandika haraka, kisha sitaandika tena.

Nilipanda. Korongo watano walikuwa upande wa nyuma. Niliwafukuza na fagio. Wanne wakaruka. Wa tano akakataa, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeingilia kwake. Nikapiga hatua mbili kumfuata.

Lile bati lenye kutu likaniachia.

Suruali ilinasa kwenye ncha ya bati, ikabaki juu. Mimi nikaenda chini. Nikaangukia kitu laini chenye mashuka ya maua. Kitanda cha mama mkwe! Cha mama mkwe! Niko mweupe kuanzia nywele hadi magoti, sina suruali, jua linaniangaza kupitia tundu.

Na yeye alikuwemo. Kumbe alikwenda misa ya alfajiri. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anavua viatu, msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Akajifunika kitenge kichwani hapo hapo, akageukia ukutani.

Sasa, yeye hawezi kunisemesha. Nami siwezi kumsemesha. Na humo ndani tulikuwa wawili tu! Akalisemesha kabati. Akaliambia kabati limwambie huyo mtu ashuke kitandani. Nikaliambia kabati kwamba nimesikia, na kwamba naomba radhi, na shikamoo. Akaliambia kabati huu si wakati wa shikamoo. Akaliomba limwonyeshe huyo mtu shuka la kujifunga.

Nikajifunga shuka la maua. Nikatoka kwa mlango wa mbele, maana wa nyuma ulikuwa na kufuli. Duka lilikuwa limejaa. Watu wote na majivu kidogo kwenye paji la uso, mimi nimepakwa mwili mzima. Hakuna aliyecheka mara moja. Walisubiri nifike barabarani.

Felista alikuwa kaunta. Aliinamisha kichwa, akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Batholomeo alipanda juu kuniletea suruali, akaikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili. Hilo ndilo lililoniua kabisa.

Ijumaa, 16 Februari

Sijatoka nje. Nimechungulia mara moja, bodaboda mmoja akapiga honi, akauliza kama shuka litarudishwa.

Nimeona haya hadi nawaonea haya kuku. Nikifumba macho naona mashuka ya maua. Mimi ni mwanamume mzima, nina mke, nina jina la babu yangu, na nimelala bila suruali kitandani mwa mama aliyenizalia mke. Kwa sababu ya uji!

Mchana Felista amekuja. Hakukaa. Alisema Jumapili kutakuwa na kikao kwao, mjomba wake Mzee Nyangwine ataongoza. Mbuzi wa kuondoa aibu ya kitandani ameshalipwa na mama mwenyewe, kwa kuwa anajua sina. Tundu litazibwa, paa litarekebishwa. Hayo yote yamekwisha.

Limebaki moja. Mama anataka niseme kwenye ndoo kulikuwa na nini.

Nikamuuliza, kwani mama hajui? Akasema mama anajua. Yeye anajua. Batholomeo anajua, wachimbaji wanajua, hata ndege wanajua. Hawaulizi ili wajue. Mama anataka asikie mkwe wake akisema kweli mara moja, kwa mdomo wake, basi. Nikisema, yeye Felista atachukua begi, tutaondoka pamoja siku hiyo hiyo. Akasema nyumba yetu ameikumbuka.

Alipofika mlangoni aligeuka akasema, Mokami, tafadhali.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: chokaa, uji wa muhogo, ndoo mbili, hisa. Nimeyasema mara nyingi. Yanatoka vizuri. Nitasema!

Jumapili, 18 Februari

Nilipiga pasi shati. Nilifika mapema. Begi la Felista lilikuwa mlangoni, limefungwa, na viatu vyake vya safari juu yake.

Sisi tulikaa mbele dukani, mama mkwe akakaa stoo, mlango wazi kidogo, asinione wala nisimwone. Niliona ncha ya kitenge chake. Nikawasalimu wazee shikamoo, wakaitikia vizuri. Mzee Nyangwine alisema hakuna anayenidai kitu, kijana aliteleza, bati lilikuwa bovu, yamepita. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama anamuuliza mtoto ameshiba, kwenye ndoo kulikuwa na nini.

Friji zilinyamaza. Nikafungua mdomo. Chokaa ilikuwa pale pale kwenye ulimi!

Kisha nikamwona Batholomeo dirishani, ameshika futi ya kupimia mahali pa feni, anasikiliza. Sikuweza. Mbele ya yule mwenye viatu! Nikasema ilikuwa rangi ya Ikoma, mzee, ile ya loji, safi kabisa, ila mwaka huu ndege wamezidi.

Ncha ya kitenge ikaondoka mlangoni.

Mzee Nyangwine akatikisa kichwa taratibu. Akasema basi ni rangi nzuri sana hiyo, rangi ya kushibisha. Akasema mashine yake ya kusaga ina bati kubwa na joto jingi, pengine nimpakie na yeye. Wazee wakacheka sana. Nikacheka pia, kwa adabu.

Felista hakucheka. Alivitoa vile viatu juu ya begi, akavishika mkononi. Akanyanyua begi kwa mkono mwingine, akalirudisha chumbani. Alipita karibu yangu na hakunitazama. Nilimsikia akifungua zipu, akitoa nguo moja moja.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Aibu imenijaa hadi masikioni. Nilikuwa na neno moja la kusema, na mke wangu alikuwa amesimama hapo akilingoja. Nimekaa kitandani na shati la pasi, nimelia, na safari hii hakuna vumbi la kusingizia.

Lakini nimewaza njiani. Mzee Nyangwine amenipa kazi mbele ya mashahidi! Bati la mashine ni kubwa mara mbili ya lile. Nikilipaka vizuri Felista ataona mwenyewe, maneno ya nini? Nimepitia pale nikalipima kwa hatua. Kutu ipo kidogo, si ya kutisha.

Kosa langu nimeligundua. Ni muhogo. Ndege wanapenda muhogo. Kesho naulizia bei ya unga wa ngano.