Wanandoa Namba Ishirini

Jumatatu, 4 Mei

Mume wangu amekubaliwa kwenye utafiti wa chuo kikuu. Ana miaka miwili tangu afariki, lakini hilo hawakuuliza.

Habari za leo, daftari. Nisamehe kwa kutokusalimu kwanza, furaha imenizidi.

Nianze mwanzo. Binti yangu ni mtafiti pale chuoni, ghorofa ya tatu, maabara ya saikolojia ya afya. Si daktari wa sindano. Anachunguza namna mawazo ya mtu yanavyouchezea mwili wake. Nikiwaeleza watu hivyo wanatikisa vichwa kama wameelewa. Na mimi natikisa changu. Niliishia shule ya msingi, lakini nimezaa mtu anayevaa kitambulisho shingoni.

Sasa anatafuta wanandoa ishirini waliokaa pamoja zaidi ya miaka thelathini. Mke anavaa bangili ya kupima moyo, mume anavaa yake, wanashinda nazo nyumbani. Maabara inatazama kama mioyo yao inafuatana. Mpaka jana alikuwa na kumi na tisa. Wa ishirini wakikosekana kufikia Ijumaa, mkataba wake hauongezwi. Aliniambia kwa simu akijifanya kucheka. Mimi ndiye niliyemfundisha kucheka vile, hanidanganyi.

Halafu jana hiyohiyo akaja jirani yangu, Mama Rubani, kunionyesha bangili yake, imeandikwa 11A. Mumewe ana 11B. Eti wamechaguliwa. Alikunja mkono wa gauni mara nne.

Leo asubuhi, binti yangu akiwa darasani anafundisha, nikaenda mwenyewe. Mpokezi akaniuliza mzee yuko wapi. Nikasema hatoki siku hizi. Anaumwa? Nikasema hapana, hasumbuliwi na kitu chochote. Tumeishi pamoja miaka mingapi? Thelathini na minne, ya raha. Hakuna uongo hata mmoja hapo. Fomu yake nimemtilia saini mimi, kama nilivyomtilia fomu zote tangu tuoane.

Majina yanafungiwa kwenye kabati la mpokezi. Watafiti wanaona namba tu. Kwa hiyo binti yangu hatajua kwamba 20A ni mama yake na 20B ni baba yake. Nimemwokoa mtoto wangu kwa safari moja ya asubuhi.

Imebaki kazi ndogo tu ya kumpata mwenye moyo.

Jumanne, 5 Mei

Siku mbaya.

Mpango wa kwanza: nikavaa bangili zote mbili. Saa tatu mpokezi akapiga simu. Amewahi kuona wanandoa wanaopendana, akasema, lakini moyo wa mzee haujapishana na wangu hata pigo moja. Nikamwambia ndivyo tulivyo. Akaniomba tusiazimane bangili.

Mpango wa pili: nikaifunga 20B kwenye cherehani, nikashona mapazia. Mpokezi akapiga tena. Safari hii alikuwa anahema. Anauliza kama mzee yuko hai, maana moyo unapiga mia tatu kwa dakika. Nikasema alikuwa anapanda ngazi. Nikamsikia anaandika.

Mpango wa tatu ulikuwa kumwomba Baba Rubani avae mbili. Akasema ile moja tu mkewe anaikagua kutwa nzima.

Nikakata tamaa. Koti la marehemu bado liko nyuma ya mlango wa sebule, sijawahi kuligusa ila kulifuta vumbi. Nikaitumbukiza bangili kwenye mkono wa koti, pale mkono wake ungekuwa, nikaenda kufua.

Niliporudi na beseni kulikuwa na mwanga wa kijani kwenye upindo wa mkono. Kijani maana yake imepata mapigo.

Nikasubiri simu ya mpokezi. Haikupigwa.

Betri nzuri sana hizi. Jioni nikajaza fomu yangu na ya kwake. Zina maswali ya alama, moja mpaka saba. Mwenzako anakusikiliza kiasi gani? Nikampa mke wake saba. Mwenzako ana furaha kukuona? Saba. Ndivyo angejaza.

Jumatano, 6 Mei

Binti yangu kapiga simu saa saba, wakati wa chakula, anaongea harakaharaka kama zamani akirudi na ripoti ya shule. Wamewapata wa ishirini. Tena si wa kujazia tu, mama, hao ndio bora kuliko wote.

Nikamwambia hongera, kama mtu asiyejua kitu. Nilibana midomo mpaka ikauma.

Akasema kwenye kompyuta kuna mstari mwekundu wa mke na wa bluu wa mume. Kwa wengi, mistari inapita kila mmoja na safari zake. Kuna wengine, namba kumi na moja, mume akitoka nje ya nyumba ndipo moyo wake unapotulia. Nilikohoa kuficha kicheko. Mungu ananipa vitu vitamu halafu ananinyima ruhusa ya kuvisema.

Lakini namba ishirini, akasema, huyo mzee moyo wake unamsubiri mkewe. Leo kati ya saa nne na saa sita mama huyo alitoka. Mstari wa bluu ukashuka mpaka arobaini, ukalala. Saa sita kasoro dakika tano ukaanza kupanda wenyewe. Wa mama nao ukapanda. Yaani alimsikia akiwa bado njiani.

Nilikuwa sokoni, daftari. Saa sita kasoro tano nilikuwa kwenye kona ya duka la viatu. Koti lilikuwa nyuma ya mlango.

Nikamwuliza, mwanangu, mashine haziwezi kukosea? Akasema mashine moja inaweza. Hii yetu imepimwa mara tatu.

Nilipokata simu nikasimama sebuleni. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha, likaacha. Nikalisalimia koti. Halafu nikaenda kubadilisha gauni, nikavaa lile la maua. Niliporudi mwanga wa kijani ulikuwa unapepesa upesi.

Mama Rubani aseme sasa.

Alhamisi, 7 Mei

Dereva wa chuo hupita asubuhi kuchukua bahasha za fomu. Leo nilitoka kumwambia kuna moja tu, kwa sababu jana jioni usingizi ulinichukua kwenye kiti nikiwa nimejaza yangu, ya mwenzangu sikuigusa. Lakini mezani zilikuwa bahasha mbili. Zote zimegandishwa. Nikampa zote, ningefanya nini.

Saa saba simu. Sauti ya binti yangu ilikuwa chini. Hakunisalimu.

“Mama, baba alikuwa anaandikaje saba?”

Nikasema kwa mkato katikati, kama amemfunga mkanda. Nikasikia karatasi.

Akasema kuna mzee kwenye utafiti anaandika hivyohivyo, fomu ya kwanza hakuiandika hivyo, leo ndiyo kaandika. Na chini ya fomu kaongeza maneno. Akanisomea. “Anaongea na simu kuliko na mimi. Kiti changu amekisogeza mlangoni, upepo unanipiga. Mengine mazuri.”

Akacheka kidogo. Yule angekuwa baba kabisa, akasema, halafu akasema ana kikao.

Nilikirudisha kiti dirishani kabla sijaweka simu chini. Nilikisogeza mwezi uliopita tu, nipate nafasi ya cherehani. Kama kilikuwa kinamuudhi, mwezi mzima, si angesema?

Nikazima simu. Nikakaa naye mpaka saa tisa. Nilimweleza mambo ya mtaa yote, hata yale niliyoapa kutosema.

Saa tisa Mama Rubani akaingia bila hodi. Mwanawe, Rubani, kaleta picha nyingine kasimama mbele ya ndege. Akakaa, kabla sijamzuia, kwenye kile kiti. Akainuka kama amekalia pasi.

“We, nani alikuwa amekaa hapa? Kiti cha moto.”

Nikasema mwenyewe.

“Mwenyewe nani?”

Nikasema mwenye kiti. Akanitazama, akatazama koti, mkono mmoja wa koti ulikuwa unapepesa kijani. Aliondoka kashika viatu mkononi. Picha ya Rubani kaisahau, nimeigeuza uso ukutani.

Halafu nikawasha simu, akapiga mpokezi. Kumbe kuna jambo nililolisaini bila kulisoma. Siku ya mwisho wanandoa wanakwenda maabara wote wawili, wanazungumza robo saa mbele ya watafiti. Kesho, saa tatu. Mzee anaweza kuletwa kwa gari?

Nikamwambia nitambeba mwenyewe, ni mwepesi.

Ijumaa, 8 Mei

Chumba ni cheupe, hakina dirisha. Viti viwili vinatazamana. Meza ndogo, kinasa sauti, boksi la karatasi za kufutia machozi. Ukuta mmoja ni kioo kitupu, mtu anajiona yeye tu, na watafiti wanakaa upande wa pili gizani wanamwona. Mpokezi alikuwa kwenye simu, akanipungia mkono niingie. Nikalivisha koti kiti cha pili, nikalifunga kifungo cha juu. Nilipokaa kioo kilituonyesha sote wawili. Koti lilikuwa limejaa mabegani.

Sauti ya Profesa, mkubwa wa binti yangu, ikatoka darini. Tafadhali zungumzeni jambo ambalo hamkuwahi kuelewana. Halafu nikasikia kiti kinasukumwa huko nyuma, na sauti nyingine, ndogo.

“Mama?”

Fomu inasema usiwajibu watafiti. Mimi ni mtu wa kufuata masharti. Nikamgeukia mume wangu.

Nikamwambia ule ugomvi wetu hatujaumaliza. Binti alipofaulu, wewe ulitaka aende chuo, mimi nikasema mtoto wa kike akisoma sana atasahau njia ya nyumbani. Nilikununia miezi mitatu. Ulikuwa unajipakulia mwenyewe. Mwaka wa kwanza ukawa unampigia simu ukiwa uani nisisikie. Nilisikia zote. Sasa kila ninayekutana naye namwambia nilimsomesha mimi. Hata dereva nimemwambia. Ni wewe. Nilitaka kukuambia pale hospitali, ukanitangulia kulala.

Taa ya darini ikanguruma, ikatulia. Mwanga wa kijani ulikuwa haupepesi tena, umewaka moja kwa moja.

Mlango ukafunguka, akaingia binti yangu, macho mekundu, na Profesa nyuma yake kashika karatasi ya mistari. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekosea nyumba. Akaniuliza, kwa heshima, nimefanyaje. Nikamweleza habari za cherehani. Akasema hapana mama, baada ya cherehani. Nikasema baada ya hapo sikufanya kitu, alifanya mwenyewe.

Binti yangu hakunifokea. Ningependa angenifokea. Akamwambia Profesa kwamba namba ishirini inafutwa, ataandika maelezo yeye mwenyewe kwa mkono wake, na kama mkataba utaondoka na uondoke. Profesa akatazama karatasi muda mrefu. Kisha akasema mtu anayefuta matokeo mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona ndiye anayemtaka maabara kwake. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Awapate wanandoa wa kweli, wote wawili wanapumua, na mama yake asipande tena ghorofa ya tatu.

Ndipo binti yangu akaomba abaki dakika tano peke yake.

Profesa akanipeleka upande wa gizani. Tukamwona kupitia kioo kakaa mbele ya koti, magoti yake yanakaribia kuligusa. Alizima kinasa sauti. Midomo ilikuwa inatembea tu. Kwenye kompyuta mstari wa bluu ukapanda taratibu, ukakaa juu. Halafu mkono wa koti uliokuwa unaning'inia ukawa uko juu ya goti lake, na sikuuona ukisogea.

Profesa alinyoosha mkono akazima kompyuta. Tukakaa gizani mimi na yeye, wala hatukutazamana.

Jumamosi, 9 Mei

Binti yangu kaja kunywa chai. Uso wake una nuru ambayo sijaiona tangu msiba. Aliyozungumza jana hakuniambia, nami sikumwuliza zaidi ya mara sita.

Akaniapisha. Nisiguse tena kitu cha maabara. Nisimtafutie washiriki. Nisimwambie mtu yeyote. Nikaapa yote matatu, nikamaanisha. Akanikumbatia, akaenda.

Kufikia mchana nilikuwa nimemwambia Mama Rubani tu, kupitia dirishani, kwa kuwa haingii tena. Na wajane wenzangu wa kikundi cha ushonaji, ila hao ni kama familia. Nilidhani watanicheka. Mmoja akaniuliza kama kofia inafaa, maana makoti aligawa. Mwingine akasema ana fimbo ya kutembelea. Yule mnyamavu, ambaye hajasema neno kikundini mwaka mzima, akauliza anaweza kuja saa ngapi.

Sasa isieleweke vibaya. Jana nilipoliokota koti kwenye kile kiti cha maabara, nilibeba na mkoba uliokuwa chini yake bila kujua. Nimeufungua leo kwa ajili ya kuurudisha. Mna bangili tisa. Nimezipanga mezani nizifute vumbi. Hakuna mtu chumbani zaidi yangu, koti liko mlangoni, lina ya kwake. Nne zimewaka kijani.

Nimezitazama sana. Ya tano imewaka nikiandika hapa.

Chuo kinahangaikia jozi moja ya wanandoa mpaka mwisho wa mwezi, na mimi nina tisa mezani. Binti yangu atakasirika kwanza, halafu atanishukuru, ndivyo alivyo, kamfuata baba yake. Nimeshaazima viti kwa Mama Rubani, amevipitisha juu ya ukuta. Kumi na nane, kwa sababu watakaa wawili wawili. Nimewaambia wajane waje na chochote alichokizoea mwenzao na wasichelewe, kwa kuwa naona wengine wameshafika. Ni kesho, Jumapili, saa nane mchana.