Ulezi wa Kalunde na Matuta ya Mwenyekiti

Ilitangazwa kwa kipaza sauti sokoni Kyuso, mwaka wa themanini na sita, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtoto wa tarafa atakayeingia Chuo Kikuu hivihivi, kama anayeingia hotelini kunywa chai. Atafadhiliwa. Atalelewa. Ataonyeshwa mwelekeo wa kazi. Bwana Muthama, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Ufadhili, Ulezi na Mwelekeo wa Kazi, aliyasema hayo akiwa amevaa tai nyekundu, na jua lenyewe halikuthubutu kumtoa jasho mpaka alipomaliza.

Baadaye lilijitokeza tatizo dogo la kiutawala. Walezi walijiandikisha kumi na mmoja. Mwanafunzi alikuwa mmoja.

Huyo alikuwa Kalunde, binti ya Kaluki, aliyeitwa Nairobi kusomea udaktari wa mifugo. Karo yake ilikwisha kuchangwa makanisani na madukani, ikafungiwa katika sanduku la Halmashauri. Lakini Muthama alikuwa ametunga kanuni, akaipenda kama kifungua mimba: hela hazitoki mpaka walezi waridhike kwamba mwanafunzi ameiva. Chuo kingefunguliwa Jumatatu iliyofuata, na asiyefika siku hiyo nafasi yake hupewa mwingine. Muthama aliiona haraka hiyo kuwa kasoro ya Chuo.

Ulezi ulianza shambani kwake. Alimkabidhi Kalunde jembe, akamwonyesha mteremko, akaketi kivulini. Kazi ilikuwa matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, unatupa udongo upande wa juu, ili mvua ikija maji yatulie badala ya kukimbia na shamba.

"Nau," Kalunde alimwita baba, kama adabu inavyotaka, "hii inahusu ng'ombe namna gani?"

"Ng'ombe anakula nini?"

"Nyasi."

"Nyasi inaota wapi?"

"Kwa shamba."

"La nani?"

"Lako."

"Umeona? Umeanza kuelekea."

Mlezi wa pili, Mutie katibu, aligundua kwamba naye ana mteremko. Wa tatu, Mursal mfanyabiashara wa mbuzi, alimpa kundi achunge. Alhamisi Kalunde akauliza kama ameiva. Muthama alimtazama kama mtu anayebonyeza papai.

"Bado kidogo, upande huu."

Ijumaa, Halmashauri ikiwa katika kikao ukumbini mwa kanisa, akina mama waliingia na majembe begani. Mbele yao alikuwa Kaluki.

"Tumekuja kwa mambo ya mwethya," alisema.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwethya ni leo kwako, kesho kwangu, na aliyepokea mikono hulipa mikono.

"Kalunde ni mwanachama wetu. Amelima kwako, Mwenyekiti. Kwa Mutie pia. Kesho mko kwangu."

"Mwaitu," Muthama alimwita mama, "ule ulikuwa ulezi."

"Na matuta yamebaki kwa nani?"

Muthama alikohoa kiofisi. "Halmashauri inaweza kufikiria malipo."

"Mwethya hailipwi na pesa. Usipokuja, hakuna mkono utaingia kwako tena. Wa kulima, wa kuvuna, hata wa kupika siku ya kukuzika."

"Nikifa sitakuwa na njaa."

"Wageni watakuwa nayo."

Muthama alikuwa na nia ya kugombea udiwani, na kura zilikuwa zimesimama mbele yake zikiwa na majembe.

"Mimi kwangu amechunga tu," Mursal alijitetea.

"Basi utachunga zetu." Kaluki aliketi. "Na huyu mtoto aendelee tu kulelewa. Kila atakapofanya kazi, zamu yenu inaongezeka. Sisi hatuna haraka."

Walezi wanane ambao hawakuwa wamempata bado walitazamana. Mutie alipendekeza kwamba mwanafunzi ameiva. Pendekezo liliungwa mkono kabla hajalimaliza. Mlezi mmoja, ambaye hakuwahi kumwona Kalunde, aliapa kwamba maishani mwake hajaona mtoto aliyeiva vile. Sanduku lilifunguliwa, na Jumamosi alfajiri Kalunde aliondoka na lori la Mursal, karo kifuani, amekaa mbele kando ya dereva.

Wakati huohuo Muthama alikuwa mteremkoni kwa Kaluki. Alikuja na tai, akieleza kwamba anakagua mradi. Akapewa jembe la kukagulia. Akina mama wakaanza wimbo:

*Mwenyekiti vua tai, jembe halitaki suti,*
*udongo hausikii hotuba wala saluti.*

Ilipofika saa nne tai ilikuwa imefungwa kichwani kuzuia jasho, na Mutie, mtaro wa pili, alikuwa ameanza kuitikia wimbo kwa sauti nzuri kuliko ilivyofaa.

Msimamizi wa siku hiyo alikuwa Muthoki, mke wa Muthama, mwanachama wa miaka mingi. Alipita na fimbo akipima kina cha mitaro. Kwa mumewe alisimama, akatumbukiza fimbo, akaitoa, akaitumbukiza tena.

"Mama," Muthama alinong'ona, "si unajua mimi ni nani?"

"Najua," alisema Muthoki. "Chimba."