Jaji Mwenye Taulo Usoni

Leo nimejiaibisha mbele ya Oyugis nzima. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wa kuongeza chumvi.

Mimi ni kinyozi. Shule niliishia darasa la nane. Lakini Brayo, yule kijana wa kutengeneza simu, aliamua kwamba mimi ndiye ninayefaa kuwa jaji wa shindano la kurap. Sababu yake ilikuwa moja.

"Baba Stacy, kila mtu anajua wewe hupendelei. Hata pasta ulimwambia akae foleni."

(Ni kweli. Alikaa. Hajarudi kunyolewa tena.)

Washindani ni wawili tu. Mmoja anajiita Nyundo. Mwingine anajiita Dokta Vina, na huyo ni ndugu mdogo wa mke wangu. Mshindi anapelekwa Homa Bay Jumamosi kurekodi wimbo studio, bure. Nafasi ni moja. Na hawa si watu wa kupiga kelele kwa maiki. Ni mafundi: vina vya kati, vina vya mwisho, hata pumzi wanaivuta pale biti inaporuhusu. Brayo alinifundisha hayo yote jana nikimnyoa. Nilitikisa kichwa kukubali kila mara. Nilielewa nusu. (Nusu ni kusema tu.)

Asubuhi kwa chai mke wangu akanitazama.

"Haki yako tunaijua, Baba Stacy. Lakini huyo ni ndugu yangu."

"Nitasikiliza mistari peke yake."

"Sikiliza. Halafu jioni utarudi hapa hapa."

Nikatafuta dawa njiani. Sauti za vijana hawa nazijua, sikatai. Lakini kinacholegeza mtu ni uso. Uso wa shemeji ukikuangalia hivi, unaweza kumpa hata shamba. Basi kufika kiwanjani nyuma ya soko, nikakaa kwa kiti changu, nikajifunika uso mzima na taulo ya kazi. Watu wakacheka. Nikaomba maiki.

"Sitaki kuona mtu! Wa kwanza ataanza, wa pili atajibu, raundi tatu. Nikitaja mshindi nimetaja. Hakuna kunibembeleza."

Wakapiga makofi! Nikajiona hakimu wa mahakama kuu. (Ndani ya taulo inayonuka spiriti.)

Shemeji akafungua:

"Nyundo bila mpini ni chuma ya jalalani,
nakuokota njiani, nakuuza kwa mizani!"

Kelele. Nyundo, na mafua yake ya leo, akajibu kwa sauti ya kukwaruza:

"Dokta gani hana dawa, mgonjwa amepagawa,
ukishika sindano hata mbu wanakukimbia kwa mabawa!"

Mnaona kazi hiyo? Raundi ya kwanza sare. Ya pili sare. Nikaanza kutoka jasho. Nikajiuliza kama wako sawa kweli, au ni mimi masikio yangu yameishia darasa la nane. Ya tatu, shemeji akamaliza vizuri sana. Ikabaki zamu ya Nyundo.

Biti ikaanza. Mara ikakatika.

"Simamisha hiyo kitu kwanza!" Sauti ya kukwaruza. Nikajua ni Nyundo na mafua yake. "Mimi ndio ndume ya mnada wa Ogwedhi! Nikikohoa, zizi zinajifungua zenyewe!"

Watu: "Yawaaa!"

"Mimi ndio mvua ya mawe! Mwenye mabati anaomba Mungu, mwenye nyasi anaomba Mungu! Wakwe walinifungia mlango. Leo wajukuu wao wanaitwa jina langu!"

Kiwanja kikalipuka. Mimi nikasikiliza kwa makini. Vina? Hakuna. Biti? Hakuna. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nikajiambia: wewe ni kinyozi, unajua nini? Hii ndiyo ile daraja ya juu! Ameacha vina makusudi. Amejigeuza mzee mwenye ng'ombe. Huu ni usanii!

Nikasimama. Taulo bado usoni. Nikapiga makofi peke yangu muda mrefu kuliko mtu yeyote.

"Imetosha!" nikasema. "Mshindi nimempata! Ni huyu aliyemaliza sasa hivi!"

"Jaji, ngoja kidogo," Brayo akasema.

"Brayo! Nilisema hakuna kunibembeleza!"

Halafu kicheko, kile cha watu kushikana mabega wasianguke. Nikavuta taulo.

Mbele yangu alisimama mzee wa miaka kama sitini, mnunuzi wa ng'ombe, gambuti miguuni, fimbo ya ng'ombe mkono mmoja, maiki mkono mwingine. Kando yake, Nyundo. Mikono kiunoni. Hajafungua mdomo.

Kwa wasio wa huku: sisi tuna pakruok. Mtu anasimamisha muziki, anajisifu mbele ya watu, anamtuza mwenye muziki, kisha mambo yanaendelea. Nimeiona kwa harusi na matanga tangu nizaliwe. Nimeifanya mwenyewe! Lakini mnunuzi wa ng'ombe akipita akasikia spika, atajuaje hii ni ya mashindano?

"Jaji," Nyundo akasema, "nimeshindwa kabla sijaanza?"

"Na mimi," shemeji akadakia, "nimeshindwa na mtu wa mnada?"

Mzee alikuwa na swali moja tu. "Gari ya Homa Bay inatoka saa ngapi?"

"Jaduong', mzee wangu, samahani," nikamwambia, "wewe hukuwa kwa shindano."

"Si wewe ndio jaji? Ama ulikuwa hapo unanyolewa?"

Umati ukaanza: "Mzee aende! Mzee aende!"

Ikabidi nichukue maiki na kuyala maneno yangu yote, moja moja, mbele ya wateja wangu. Nyundo akapewa zamu yake. Safari hii nilifungua macho, na shemeji alinikazia yake mwanzo hadi mwisho. Nyundo akatupa hii, papo hapo:

"Nimekatwa na mwenye fimbo, nikashikilia wimbo,
Dokta umenasa leo kama ndege kwa ulimbo!"

Ningefanya nini, jamani? Ilikuwa ya kushinda. Nikampa. Shemeji akaondoka bila kuaga. Mke wangu ametuma ujumbe wa neno moja: "Nimesikia." Na Nyundo mwenyewe, badala ya asante, ananiambia eti amekuwa namba mbili nyuma ya mnunuzi wa ng'ombe.

Kwa hivyo anayeenda Homa Bay Jumamosi ni Nyundo. Hiyo ni rasmi. Na mkiona mzee wa gambuti kwa mlango wa studio akisema jaji wa Oyugis ndiye amemtuma, tafadhali, mimi simjui.