Wati Kumi na Tano za Kwaresima

Jumatatu, 3 Machi 2025

Vestine ameondoka. Si kwamba ameniacha! Amekwenda Kakiika, Mbarara, kwa dada yake Godeberthe, kuipumzisha mimba yake ya miezi mitano mbali na moshi wangu. Atarudi Jumapili. Amesema nikiacha sigara Kwaresima hii atabaki nyumbani. Nisipoacha, mtoto atazaliwa Kakiika. Mlangoni akaongeza kwamba moshi humtapisha, lakini uongo wangu humtapisha zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, Astère, akasema. Mimi! Fundi wa simu ninayeheshimiwa Base Camp nzima, hapa kwenye kambi yetu ya wakimbizi!

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimesonga ugali wa watu wawili kwa mazoea.

Lakini njia nimeshaipata. Binamu yangu Régis, anayeishi Ubelgiji, alipotutembelea Januari alisahau mashine yake ya kuvuta mvuke. Kisanduku kidogo chenye kioo cha namba. Unasokota waya mwenyewe, unapitisha pamba, unatia maji yake yanayonukia embe, waya ukipata moto unavuta mvuke. Mimi nimeombwa kuacha moshi. Mvuke si moshi. Hata sufuria ya maharage hutoa mvuke, na hakuna padri aliyewahi kuikemea.

Jumanne, 4 Machi

Régis amejibu kwa ujumbe wa sauti, dakika saba! Nipime waya kwanza, kwa sababu waya wenye ohm chache, yaani usiozuia umeme sana, hunywa umeme mwingi. Pamba ilowe kabla ya kuwasha. Nianze na wati kumi na tano, nipande moja moja, nisimame mvuke ukiwa wa vuguvugu na ladha nzuri. Ladha ya kuungua ikija, nishuke. Betri iwe ya mashine hiyo hiyo, ngozi yake ya plastiki isiwe imechanika. Haraka haraka haina baraka, akamalizia. Ubelgiji wamemharibu huyu.

Wati kumi na tano! Bujumbura nilitengeneza resho, yale majiko ya umeme ya waya, miaka tisa. Waya wa resho ukikatika unaunganisha ncha zake, unakuwa mfupi kidogo, na jiko linawaka kuliko lilipokuwa jipya. Akina mama wa Buyenzi walinibariki. Basi waya wa Régis nimeukata nusu.

Mashine imekataa. Imeandika kwenye kioo kwamba ohm ziko chini mno, kisha ikazima. Nimejaribu mara kumi na moja. Hata mashine zina woga siku hizi.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimepakwa majivu. Nimeapa kuacha sigara, na paketi nimeitumbukiza chooni. Nilipopiga magoti nilimfikiria Vestine nikalia kidogo, kweli kabisa. Jirani yangu Grégoire aliona. Sasa ataongea!

Grégoire ni Mkongomani wa Uvira, fundi wa redio. Meza yake sokoni inatazamana na yangu, naye ana kipimo cha ohm ambacho mimi sina. Baada ya misa akaupima waya wangu bila kuombwa. Akasema mashine iko na akili kunishinda. Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi

Mbarara. Kama woga uko kwenye mashine, nitairuka mashine. Betri moja kwa moja kwenye waya! Muuza betri akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Hii ni ya tochi tu, ssebo. Wewe nataka kufanya nini?" Nikamwambia tochi.

Kakiika haikuwa mbali. Nilisimama stendi muda mrefu nikitaka kwenda kumwona tu, kumuuliza kama mtoto amecheza. Sikwenda. Ningekwendaje na betri ile mfukoni? Nilipofika Kaberebere, njiani kurudi, nilijiona mjinga, lakini hali hiyo hupita.

Ijumaa, 7 Machi

Grégoire amekuja kunikataza. "Mutu wangu, ile batri itakupasukia mu kinywa." Nikamjibu wivu ni dhambi, hasa Kwaresima. Nikausogeza waya mdomoni, nikaugusanisha na betri.

Yezu wangu! Waya uligeuka mwekundu kabla sijavuta. Pamba ikaungua. Mdomo wa juu umebabuka, nusu ya sharubu imekwenda. Betri ikaanza kupiga mluzi mkononi mwangu, na mimi nimeishikilia tu! Grégoire akaipiga kofi, ikaangukia nje kwenye matope, ikatoa moshi kushinda sigara zangu zote za mwaka. Nikakaa chini. Mtoto angenijua kwa picha tu.

Jambo la ajabu ni kwamba tangu Jumatano sijavuta sigara hata moja. Mdomo huu hauwezi kushika kitu. Grégoire akasema basi nimweleze mke wangu yote kama yalivyo, atacheka na atabaki. Sikubishana naye, maana alikuwa ananipaka asali kwenye jeraha.

Jumapili, 9 Machi

Vestine amerudi! Begi mkononi, tumbo mbele. Amenusa shati langu, pazia, mto. Hakuna moshi. Akaketi, akautazama mdomo wangu, akauliza nimepatwa na nini. Aliuliza taratibu sana. Nilifungua kinywa kusema kweli. Naapa nilikifungua! Kikatoka: chai ya moto.

Akasema Grégoire alimpigia simu Ijumaa ile ile, akamweleza waya, betri, sharubu, yote. Alilia kwa furaha kwamba mimi ni mzima. Akasema moshi angeweza kuunusa siku yoyote. Leo alikuja kusikia kama nitasema mwenyewe. Akachukua begi lake akahamia kwa Georgette, mke wa Grégoire, nyumba ya tatu kutoka hapa. Nikisimama mlangoni naona kitenge chake kwenye kamba yao.

Nimekaa, nimefikiri sana. Nilikosea, nakubali. Jumatatu mke wangu alikuwa Kakiika, leo yuko nyumba ya tatu, kwa hiyo anakaribia, na sitaki kuharibu tena. Kosa langu nimeliona: chai haiwezi kubabua mdomo namna hii.

Kesho nitamwambia ilikuwa uji.