Mashine ya Tambi za Mboga na Kisanduku cha Tatu

Taifa lilitangaziwa saa nne kamili asubuhi, kwa tarumbeta, kwamba Idara ya Mapishi ya Nyumbani imeamua kuchunguza, kwa kina na bila upendeleo wowote, kama mashine ya kukata mboga ziwe tambi inafaa kununuliwa na kila familia. Hotuba ya kuipongeza mashine ilikuwa imeshachapwa. Uchunguzi ndio uliokuwa bado.

Kazi ikamwangukia karani wa mafaili, mtu mpole aliyekuwa mtumishi wa muda kwa miaka kumi na moja. Barua yake ya kuthibitishwa kazini ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi, chini ya glasi ya maji, ikisubiri saini tu. Kila asubuhi karani aliichungulia, akaiona iko palepale, akashusha pumzi.

"Mpelekee mkeo aitumie kupikia wiki mbili," Mkurugenzi akamwambia, akimkabidhi boksi na fomu. "Ukiniletea ripoti nzuri, barua yako naitia saini. Ukiniletea maneno mengine, tusilaumiane."

Karani akaitazama fomu. Ilikuwa na visanduku viwili: INAFAA na INAFAA SANA.

"Samahani mzee, na kama haifai?"

"Fomu haiguswi na mtumishi wa muda," Mkurugenzi akasema, kwa masikitiko ya kweli. "Kuongeza kisanduku ni kazi ya mtumishi aliyethibitishwa. Utaratibu ni utaratibu."

Jamani, msimwone mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu hasa. Kikombe chake cha chai kilioshwa na mhudumu mmoja na kufutwa na mwingine, na yeye hakuwahi kuwaingilia.

Nyumbani, mke wa karani alichomeka karoti kwenye mashine, akazungusha mpini wake. Lo! Tambi zikatoka ndefu, za rangi ya chungwa, zinapendeza. Watoto wakashangilia, wakala mboga bila kupigiwa kelele.

"Sekunde arobaini!" karani akaandika, moyo mweupe.

"Andika na kuiosha," mkewe akasema kutoka kwenye sinki.

"Kuosha ni kazi ya Idara ya Usafi. Sisi tunapima mapishi tu."

"Ahaa. Basi kawaite hao Usafi waje, maana mimi niko hapa dakika ya ishirini, na karoti bado imeng'ang'ania kwenye meno yake. Kisu changu ningekisuuza nikaendelea na maisha yangu."

Siku ya nne karoti iliyopinda ikakataliwa. Siku ya sita nyanya ikawa uji. Siku ya kumi mashine ilikuwa juu ya kabati, kando ya chupa ya chai iliyovunjika mdomo, na mke wa karani alikuwa ameshatoa uamuzi wake: "Kwa anayeoshewa vyombo, inafaa sana. Kwa anayeviosha mwenyewe, hapana."

Lakini fomu ilidai saini ya Msimamizi wa Jiko, na Msimamizi wa Jiko alikuwa yeye.

"Mke wangu, miaka kumi na moja," karani akasema. "Nakuomba."

Mkewe alimwangalia, akamhurumia. Hasira yake ilikuwa kwa mtu mwingine kabisa.

"Tia tiki popote wanapotaka. Nitasaini. Ila kwenye kiambatisho naandika mstari mmoja."

Akauandika. Mkurugenzi, ambaye katika miaka ishirini ya utumishi uliotukuka hakuwahi kusoma kiambatisho, akaisaini ripoti nzima huku akiongea na simu. Barua ya karani akasema ataishughulikia baada ya uzinduzi.

Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi akazungusha karoti jukwaani, tambi zikamwagika, makofi yakalia. Mheshimiwa Waziri hakupiga makofi. Mama huyo alikuwa na tabia mbaya ya kusoma.

"Kiambatisho," akasoma kwa sauti. "'Mwonyeshaji ataiosha mashine kwa mikono yake, mbele ya wageni, mpaka itakate, ndipo uamuzi utakuwa kamili.' Saini ni yako, Mkurugenzi. Haya baba, tunakusubiri."

Beseni likaletwa. Dakika ya tano Mkurugenzi alikuwa bado anatabasamu. Dakika ya kumi na tano aliuliza kama kuna mtu mwenye mswaki wa zamani. Dakika ya ishirini na tano wembe wa mashine ukamkata kidole, na wageni wa nyuma wakaanza kuondoka wakienda kutafuta chakula.

Waziri akatazama saa yake. "Kwa hiyo, inafaa?"

Mkurugenzi aliitazama tiki ya INAFAA SANA juu ya saini yake, kisha akatazama povu lililompanda hadi kwenye viwiko.

"Karani," akanong'ona, "chora kisanduku cha tatu. Upesi!"

"Ningependa sana, mzee," karani akasema, kwa masikitiko ya kweli. "Lakini fomu haiguswi na mtumishi wa muda."

Barua alikuwa nayo kwenye faili, tangu alipoitoa chini ya glasi asubuhi. Akaifungua, akaishikilia vizuri. Mkurugenzi akatia saini kwa mkono uliolowa, wino ukatambaa kidogo. Karani akaipuliza mpaka ikakauka, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Hapo ndipo alipoomba rula.

Alichora kisanduku kizuri, kilichonyooka pande zote nne, akaandika juu yake HAIFAI. Kisha akainama kwenye beseni, akachungulia.

"Malizia tu, mzee. Bado kuna karoti upande wa chini."