Vumbi la Baladia, Vumbi la Wizara

Jumamosi, 7 Aprili 2001
Bi Kheiria wa nyumba ya pili kanishitaki baladia, yaani manispaa. Ati vumbi la kiwanda changu cha matofali hapa Ansab linamchafulia kanga zake kambani. Kanga! Kaja mkaguzi, Wael, kijana mpole, kanzu nyeupe pe. Nikamweleza kwa heshima kwamba vumbi likiwa chini ni la baladia. Likisharuka ni hewa, na hewa ni ya wizara ya mazingira. Akafikiri. Akapiga chafya. Akaondoka. Nimejipongeza kwa halwa.

Jumatatu, 9 Aprili
Bi Kheiria kaenda wizarani. Hachoki yule! Kaja Thani, mtu mzima, mkoba mkubwa. Nikampeleka mpaka kwenye kanga, nikamwonyesha kwamba vumbi limeshatua. Likitua si hewa tena, ni uchafu, na uchafu ni wa baladia. Akakiri kuwa suala ni zito. Kaondoka nalo. Mashine inanguruma, najiona waziri.

Jumatano, 11 Aprili
Hakuna aliyerudi. Nimeagiza mashine ya pili Ruwi. Mke wangu Khole kanikumbusha kwamba kiwanda hiki ndicho kinachotulisha, nisikifanyie mchezo. Nimemjibu kuwa huu si mchezo, ni siasa.

Ijumaa, 13 Aprili
Balaa! Karamu ya harusi, Bawshar. Wanaume tunakula watano watano, sinia moja. Nikaona nafasi, nikajipenyeza kabla ya kutazama nyuso. Kushoto Wael. Kulia Thani. Kumbe ni wanyumba, wameoa mtu na dada yake! Kuinuka siwezi, ni kumtukana mwenye harusi. Thani akaniwekea mnofu wa mbuzi mbele yangu, kisha akamuuliza mwenzake lile vumbi la Ansab hatimaye ni la nani. Wael akasema anaona ni lao wote wawili. Wakacheka. Nikala.

Jumamosi, 14 Aprili
Wamekuja kwa gari moja. Wizara imefunga mashine, baladia imefunga geti. Bi Kheiria sasa anaanika mpaka mazulia. Khole kalia, na mimi roho imeniuma kweli. Lakini alasiri nimepata kiwanja! Kipo mpakani hasa, nusu wilaya yetu ya Bawshar, nusu wilaya ya jirani. Wa huku watasema ni cha kule, wa kule watasema ni cha huku. Khole kauliza kama nimechunguza kwanza wakubwa wa pande zote mbili wameoa kwa nani. Maskini Khole, biashara haijui.